Kona nyeusi za Boma

Picha yangu ya kwanza ya Boma la Mikindani kwa kamera kubwa ilitoka na kona mbili nyeusi, zote za juu, kana kwamba mtu amechukua masizi ya sufuria akayapaka angani. Ukuta mweupe umetoka vizuri, miti imetoka, anga la katikati safi. Nikasema mwanga umevuja. Nikabadilisha kishikio cha filamu, kesho yake nikarudi, nikapiga tena. Kona nyeusi. Nikailaumu dawa ya kusafishia. Nikachanganya mpya, nikapiga ya tatu, na hiyo ikatoka mbaya kuliko zote kwa sababu nilikuwa nimeipandisha lenzi zaidi ili nipate mnara mzima.

Filamu hizi huja 25 kwenye boksi, kila moja kipande cha inchi 4 kwa 5 unachokipakia gizani kwa kupapasa. Tatu kuharibika si msiba, lakini mimi nakula kwa picha za pasipoti na za vyeti hapa Mtwara mjini, na filamu moja ni wateja kadhaa waliokaa kwenye kile kiti changu cha plastiki wakiambiwa wasitabasamu. Nilikaa mlangoni pa studio nikiziangalia zile negativu tatu kwenye mwanga wa jua mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kafa.

Hakuna kilichokuwa kimevuja. Lenzi yenyewe ilikuwa ndogo. Si ndogo kwa umbo, maana hilo nililiona tangu siku ya kwanza na nikalifurahia, inaingia mfuko wa shati. Ilikuwa ndogo kwa duara.

Wengi wetu tumekulia kwenye kamera ambazo lenzi na mwili vimepimana kiwandani, ukifunga imefungwa, huna la kufikiri. Kamera kubwa haiko hivyo. Ni ubao mbele, kioo nyuma, na katikati mvukuto kama wa mhunzi, wa kukunjwa na kuvutwa. Lenzi inamwaga taswira ya duara nyuma yake, na filamu inakaa ndani ya duara hilo kama mkeka ndani ya msonge. Filamu ya 4 kwa 5 kutoka pembe hadi pembe ina karibu milimita 153. Lenzi niliyonunua ilikuwa Schneider Angulon ya milimita 90 (milimita chache huona pana, nyingi huvuta), ile ya zamani ya f/6.8 (namba ya f ni ya tundu la mwanga: ikikua, tundu limebanwa), ambayo duara lake ni kama milimita 154, na hapo ni baada ya kubana tundu. Maana yake mkeka umejaa msonge wote. Ukiusogeza kidogo tu, pembe zinagonga ukuta. Mimi nilikuwa nimeusogeza sentimita mbili na zaidi.

Na kwa nini niliusogeza? Kwa sababu Boma liko juu ya mteremko. Wajerumani walilijenga 1895 mahali ambapo linaitazama ghuba kwa dharau. Ukisimama chini ukainua kamera kulitazama, kuta zinaangukiana kwa nyuma, jengo linakuwa kama mtu aliyelala chali. Kinachotakiwa ni kuiacha kamera wima kabisa, kisha kupandisha ubao wa lenzi peke yake. Kwa lenzi ya 90, ukiwa mita 20 kutoka ukutani, kila sentimita moja unayopandisha inakuletea zaidi ya mita mbili za juu. Hii ndiyo sababu ya mtu mwenye akili zake kubeba mzigo kama huu kwenye jua la Mikindani. Nami nilikuwa nimenunua lenzi isiyoweza kufanya jambo hilo moja.

Niliinunua kwa kusoma orodha. Orodha zipo tele: anza na 90, 150 na 210, basi umekamilika. Sikatai. Ila walioziandika wengi wao wanakaa kwenye milima na baridi, wanapiga maziwa na mawe, na kwao 90 ni 90. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna 90 na 90. Super-Angulon ya f/8, ya kiwanda kilekile na karibu jina lilelile, ina duara la milimita 216 ukiwa f/22. Neno "Super" nililiona, nikadhani ni mbwembwe za kibiashara kama sabuni iliyoongezewa nguvu.

Lakini nimeanzia katikati.

Kamera ilikuja na binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani. Nilimwomba miaka miwili, na siku aliyoshuka Dar akanipigia simu akasema, "Mjomba hajui kama nimebeba vyombo vyako na kuacha viatu vyake, kwa hiyo nyamaza." Ni kamera ya mbao ya kukunja, mvukuto wake ukivutwa wote unafika kama sentimita 30. Ilikuwa na lenzi moja tu, Symmar ya milimita 150 ya miaka mingi. Hiyo 150 kwa filamu ya 4 kwa 5 ni kama jicho la kawaida, haipanui wala haivuti, na duara lake la milimita 210 hivi linaachia zaidi ya sentimita tatu za kupandisha. Yaani nilikuwa na dawa ya ugonjwa wangu mfukoni kabla sijaugua. Lakini nani anaridhika na lenzi moja?

Bibi wa jirani yangu pale Shangani ndiye mtu wa kwanza niliyempiga kwa kamera hiyo. Nilijifunika kaniki, maana nguo nyeusi ya kutazamia sikununua, nilichukua kaniki mbili mke wangu akazishona pamoja. Nikakaa humo dakika nyingi, jasho linatiririka, natafuta fokasi kwenye kioo ambako kila kitu kimepinduliwa, miguu juu, kichwa chini. Nikasikia, "Mjukuu wangu, unatoka humo mwenyewe au nije nikutoe?"

"Shikamoo bibi, natoka sasa hivi."

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi. Umesahau, umeanza kuwa mganga."

Symmar ile ina ujanja wa kizamani. Ukiifungua kipande cha mbele ukabaki na cha nyuma peke yake, inakuwa milimita 265 ya f/12, na pembeni imeandikiwa namba za pili, za kijani, ili ujue tundu lako. Lenzi mbili kwa bei ya moja. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kwa uso wa bibi ilifaa, kwa sababu ya ulaini wake. Mikunjo ilionekana bila kuchongwa kwa kisu. Ila picha mbili za kwanza fokasi ilikuwa masikioni. Nilikuwa nimeweka fokasi kwenye jicho tundu likiwa wazi, kisha nikabana hadi f/32. Kipande kile kimoja ukikibana, fokasi inahama. Lazima utazame kioo tundu likiwa limeshabanwa kiasi cha kupigia, na kwa f/32 chini ya kaniki ni sawa na kutafuta sindano usiku wa mbalamwezi. Siku hizi kwa namba za kijani natumia kioo cha kukuzia na subira ya bibi mwenyewe.

Kitu kingine kuhusu ile 265: mvukuto wote unakuwa nje. Kuanzia Mei hivi, kusi ikishaingia, upepo unaukuta mvukuto wa sentimita karibu 30 umesimama pwani kama tanga la ngalawa. Nilipiga minazi ya Shangani, sekunde nzima, kwa sababu wakati huo nilikuwa na imani ya kubana tundu mpaka mwisho. Nilikuwa nimesoma kwamba wapiga picha wa Marekani, akina Ansel Adams na Edward Weston, walijiita Group f/64 mwaka 1932, nikaona f/64 ni cheo cha kutafutwa. Minazi ikatoka kama mifagio. Hata kusingekuwa na upepo, ukibana sana mwanga wenyewe huanza kutawanyika kwenye kile kitundu, na ukali wa picha unapungua. Wale mabwana wengi walitumia filamu kubwa kuliko yangu. Mimi na 4 kwa 5 yangu tunakaa f/22, tukizidiwa f/32.

Sasa turudi kwenye Angulon. Baada ya zile kona, nilitaka kuiuza nikaongeze pesa ninunue Super. Niliifungia kwa hasira kwenye kile kikasha chake cha ngozi, nikakitupa kabatini. Masika ikapita. Nilipoifungua ili niipige picha nimtumie mnunuzi wa Arusha, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi ya mchicha. Kuvu. Ngozi inanyonya unyevu, giza linaitunza, na kuvu ikishakula ule utando wa juu ya kioo hata ukiifuta alama inabaki. Mnunuzi nikamwambia ukweli, akashukuru, akapotea.

Kwa wanaoishi pwani, kikasha kizuri cha lenzi ni ndoo ya plastiki ya mfuniko unaobana, ile ya rangi au ya mafuta ya kupikia, iliyooshwa. Ndani weka vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu na redio. Mimi huviomba madukani, wananijua. Vikichoka, vipashe moto taratibu kwenye sufuria kavu kama unavyokaanga karanga, lakini usiviunguze. Mchele, ambao kila mtu anausifu, una unga wake, na unga huo ukiingia kwenye shata, kile kimtambo cha lenzi kinachofungua na kufunga mwanga, utaujutia. Na lenzi zitoe nje zipate mwanga. Lenzi inayofanya kazi kila wiki kuvu haiizoei.

Super-Angulon niliipata mwaka uliofuata kwa pesa ya msimu wa korosho, wakati watu wana fedha na kila mtu anataka picha ya familia. Ilikuja bila ubao. Hapa Mtwara hakuna duka la mbao za lenzi, lakini kuna wachongaji. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga mpingo, nikampa ubao wa zamani kama mfano, nikamwambia tundu liwe milimita 34 na nusu, au 35 ikibidi, maana ndicho kipimo cha shata namba sifuri. Mpingo ni mweusi kwa asili, sikuhitaji kupaka rangi ya kuzuia mwanga kurukaruka ndani. Nilijiona nimegundua jambo kubwa.

"Mwanangu, mti huu haupendi haraka," aliniambia. "Njoo Alhamisi."

Alhamisi ubao ulikuwa unang'aa, mzuri kuliko kamera yenyewe. Lenzi ikaingia tunduni kama kidole kwenye pete. Nikageuza nyuma nifunge ile pete ya kukazia, pete haikuona hata uzi wa kwanza. Mzee alikuwa ameacha unene wa milimita sita. Sikumwambia unene! Nilimpa upana, urefu na tundu, na mfano wa bati jembamba ambao yeye, kwa heshima ya mpingo, aliona ni kasoro ya kurekebishwa. Akacheka, akauchimba kwa nyuma kuzunguka tundu mpaka ukabaki milimita mbili. Ubao huo ninao mpaka leo. Ni mzito kuliko lenzi.

Nikaenda nao Kilwa. Kutoka Masoko unachukua mashua ukishapata kibali chako, si safari ndefu, na Msikiti Mkuu wa Kisiwani haupo mbali na ufuko. Pale ndani, kati ya nguzo, chini ya kuba, ndipo nilipojua 90 yenye duara kubwa inafanya nini. Huwezi kurudi nyuma, nguzo ya nyuma inakugusa mgongo. Niliiweka kamera wima, nikapandisha mbele sentimita mbili, kuba likaingia lenyewe kwenye kioo na nguzo zikabaki zimesimama kama zilivyojengwa. Kipima mwanga kikasema sekunde 8 kwa f/22. Filamu ikingoja muda mrefu huchoka, haihesabu mwanga kama mwanzo. Kwa FP4 ya Ilford niliyokuwa nayo, 8 ya kipimo inataka kama 14 za kweli. Nikahesabu kwa sauti. Kijana wa mashua naye akahesabu, akanizidi haraka akafika ishirini.

Picha hiyo ina dosari moja: nguzo iliyokuwa karibu nami, pembeni kabisa, imenenepa kama mtu aliyeshiba. Wengine husema lenzi pana inaharibu maumbo. Kwangu nimeona ni kusimama karibu mno na kuiweka nguzo hiyo ukingoni. Ningesogea hatua moja kushoto. Nililiona hilo nyumbani, chumba cha giza, saa nne usiku, Kilwa iko kilomita zaidi ya 250 nyuma yangu.

Kuna siku nilikwenda upande wa Lindi kwenye mashamba ya chumvi. Vidimbwi vimepangwa kama mikeka hadi kwenye mikoko, na nilitaka kila kitu kiwe kikali, kuanzia tope lenye nyufa miguuni mwangu hadi mikoko ya mbali. Kwa f/22 bila kuinamisha, 150 haikufika. Hapo nikatumia kile ambacho bwana mmoja wa jeshi la Austria, Theodor Scheimpflug, alikiandikia hataza mwaka 1904 akihangaika na picha zinazopigwa kutoka angani: ukiinamisha ubao wa lenzi mbele, fokasi nayo inalala chini kama mkeka. Naye mwenyewe alikiri kwamba Mfaransa Carpentier alimtangulia.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko sifa zake. Kamera yangu ilikuwa mita moja na nusu juu ya ardhi na lenzi ni milimita 150, yaani moja ya kumi ya kimo hicho. Hiyo inatoa nyuzi karibu 6 za kuinamisha, basi. Simu ina kipimo cha pembe, unaiegemeza kwenye ubao wa lenzi, unainamisha hadi 6, kisha unarudisha fokasi kwa nyuma. Siku ya kwanza sikujua, niliinamisha kama nyuzi 20 kwa sababu nilidhani jambo kubwa linataka mwinamo mkubwa, kioo kizima kikawa maziwa.

Nikapata vidimbwi vyote, vikali, hadi chembe za chumvi. Mama mmoja aliyekuwa akikokota chumvi kwa reki akasimama mbele, mita tatu hivi kutoka kwangu, nikamwomba abaki. Akabaki. Negativu ilipotoka, miguu yake mikali, reki kali, kichwa kimeyeyuka. Fokasi ilikuwa imelala chini kweli, na karibu na kamera ni nyembamba kama kisu. Kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyopanuka. Mtu aliye mbali angeingia wote. Mtu wa karibu anakatwa kiunoni. Nilimpelekea picha hivyohivyo, nikamwomba radhi. Akaitazama akasema miguu ni yake, ameitambua.

Lenzi ya mwisho kununua ilikuwa G-Claron ya 210, f/9. Lenzi hizi zilitengenezwa kwa mitambo ya kunakili ya viwanda vya uchapaji, hivyo watu wa picha hawakuzithamini, na vipande vyake vinajifunga moja kwa moja kwenye shata ya Copal namba 1. Duara lake ni 260, zaidi ya ninavyoweza kutumia. Ubaya wake ni hiyo f/9. Kwenye kioo unapata chini ya nusu ya mwanga unaoupata kwa f/5.6, na chini ya mkorosho, ambako mzee wa mpingo hukaa, ni giza. Nilikuwa nimemrudia kupiga mikono yake tu, na patasi.

Mikono ilikuwa sentimita 70 kutoka kwenye lenzi. Mvukuto ukafika 30. Kipima mwanga kikasema nusu sekunde, nikapiga nusu sekunde, mara mbili. Zote zikatoka nyembamba, zimekosa mwanga. Hilo halikuwa kosa la shata wala filamu. Mwanga unapokwenda mbali ndani ya mvukuto unapungua, kama taa unayoisogeza mbali na ukuta. Chukua urefu wa mvukuto, 30 mara 30 ni 900. Chukua lenzi, 21 mara 21 ni 441. Gawanya, unapata mbili na kidogo: mara mbili ya muda. Nilipaswa kupiga sekunde nzima. Sasa nina utepe wa fundi cherehani umefungwa kwenye mguu wa stendi, na kila nikisogelea kitu naupima mvukuto kabla sijagusa shata. Kwa jengo au bahari sihangaiki, mvukuto ni sawa na lenzi, hesabu inatoa moja.

Mzee alipoiona picha ya tatu, iliyofaulu, hakusema kitu kuhusu mikono. Alisema patasi ile alishaipoteza.

Shata ndiyo inayowachosha wengi wanaonunua lenzi kuukuu, nami nitaipitia haraka. Ile ya Symmar sekunde moja ilikuwa inakwenda karibu mbili, na kwenye baridi ya asubuhi ilikuwa inasimama katikati kama punda. Kulikuwa na mtu aliyeitia mafuta zamani, mafuta yakaganda na vumbi. Nilirekodi mlio wake kwa simu nikapima kati ya "klik" na "klik". Fundi saa wa sokoni aliifungua, akaioga kwa petroli ya viberiti vya gesi... nimekosea, ile ya viberiti vya utambi, akaikausha na hakuweka mafuta. "Hiki na saa ni ndugu, mama mmoja," alisema. Sasa inakwenda kwa muda wake. Zile za kasi, 1/500, bado si za kuaminika, na sijali, siku zangu nyingi napiga kwa robo sekunde.

Nikiulizwa sasa nianze na ipi, nauliza kwanza mtu anasimama wapi. Anayeishi kwenye vichochoro vya Mikindani atataka 90 yenye duara pana hata iwe nzito. Anayepiga watu atulie na 210. Asiyejua bado, anunue 150 na viatu.

Maana Boma lenyewe nimelipata kwa 150. Sikulipatia chini ya mteremko nilikokuwa nikihangaika na kona nyeusi. Nililipata siku ya bamvua, maji yalipokupwa hadi mbali, nikatembea kwenye tope la ghuba na stendi begani, ghuba ileile Livingstone aliyoshukia 1866 kuanza safari ambayo hakurudi. Kutoka kule jengo linakaa juu ya miti yake, kilima kiko nyuma, nyumba za zamani ziko chini. Nilipandisha mbele sentimita moja tu. Miguu ya stendi ilikuwa inazama, nikaikalisha kwenye vipande vitatu vya kifuu. Nikaingia ndani ya kaniki, nikaona Boma limening'inia kichwa chini, jeupe, kona zote nne na mwanga.

Nje kulikuwa na mvuvi anapita na wavu wake. "Bwana picha," akasema, "maji yanarudi."

"Yako wapi?"

"Yako nyuma yako."

Nikaingiza filamu, nikavuta kifuniko, nikasubiri wingu lipite. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kifuu cha kwanza.